Nguo ya Kuazima na Daftari la Fundi

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga, wala hawakumung'unya maneno. Kwa miaka mingi msemo huo umetumika kumkanya mtu anayetamba kwa mali isiyo yake, na kila aliyeusikia aliuelewa kuwa ni fumbo. Katika mji wa Ifakara umekaribia kuacha kuwa fumbo. Mpunga ukishavunwa na fedha kidogo zikaingia mifukoni, harusi hufuatana katika bonde zima la Kilombero, kutoka Kidatu hadi Mlimba, na si ajabu kumwona bwana harusi amesimama mbele ya padri au mbele ya shekhe akiwa ndani ya koti la kukodi. Mabega yamemzidi, mikono imemfunika viganja, na mgongoni pana bonde la pili ambalo halimo katika ramani ya wilaya. Hatua chache kutoka hapo alipolikodi, juu ya baraza la duka la vitambaa, fundi ameketi na cherehani yake, futikamba shingoni, akitia viraka.

Akiulizwa sababu, bwana harusi huyo hutoa jibu alilolisikia kwa wakubwa zake: suti ya fundi wa Ifakara ni ya kishamba, suti ya mtu mwenye heshima hutoka Kariakoo, au Dubai, au katika belo la mtumba wa daraja la kwanza. Jibu hilo limekwisha kuwa imani, na kama zilivyo imani nyingi za mjini, halikaguliwi. Hapana budi likaguliwe. Wanaodhani kwamba ubishi huu ni wa mitindo ya vijana wanaupunguza. Ujuzi wa mkono uliochukua miaka mingi kuota mizizi katika mji mdogo wa bara unangoja kujua kama utapata mrithi au utazikwa pamoja na walio nao.

Kwanza, suti yenyewe. Asiyejua hudhani kwamba suti ni kitambaa, na kwamba kitambaa kikiwa kizuri kazi imekwisha. Koti la suti ni jengo. Fundi anayeijua kazi yake hupima kifua, kiuno, makalio, upana wa mabega, urefu wa mgongo na urefu wa mkono; kisha huiacha futikamba na kutazama. Hutazama bega lipi limeshuka, kama mtu husimama wima au huinamia mbele, kama tumbo limetangulia. Huandika. Hukata akiacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, kwa kuwa anajua kwamba mwili wa binadamu haukai ulivyo. Huunga kwanza kwa bandi, uzi wa hatua ndefu utakaofumuliwa baadaye, na kumwita mteja ajaribu; hapo kasoro huonekana ikiwa bado inatibika. Kati ya kitambaa cha nje na bitana hutia kanvasi inayolipa koti kifua chake, na kola huishikiza kwa mkono ili ilale shingoni bila ya kulazimishwa. Mwisho huja pasi, na pasi ya fundi haiishii katika kunyoosha mikunjo: kwa joto na maji huivuta nguo hapa na kuikusanya pale hadi ikubali umbo la mwenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Suti nyingi za bei ndogo zitokazo viwandani haziundwi hivyo. Kifua chake hubandikwa kwa gundi inayoyeyushwa na joto la mtambo, kazi ya nukta chache, na kingo za ndani hupunguzwa ili kuokoa kitambaa. Nguo ya namna hiyo hupendeza kwenye kioo cha duka. Lakini Ifakara iko bondeni, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, penye joto na unyevu unaojulikana na kila aliyewahi kulala huko bila ya chandarua. Jasho, maji ya kufulia na pasi ya mkaa haviivumilii gundi. Baada ya muda kifua cha koti hutoka malengelenge, na hakuna fundi awezaye kuyatibu, kwa sababu gundi iliyoachia haishoneki. Mwenye koti akinenepa, hana pa kulifungulia, kwani akiba ilikwisha tupwa katika sakafu ya kiwanda kilichoko mbali. Fundi wa barazani angemchagulia kitambaa chepesi, angemtia bitana nusu ili mgongo upumue, na angemwachia akiba ya miaka kumi. Ipi kati ya suti hizo mbili ndiyo ya kishamba?

Tena iko hoja ya mwili. Suti ya dukani hukatwa kwa namba, na namba hutokana na wastani wa miili ya watu waliopimwa kwingine. Mndamba aliyepiga kafi tangu utotoni katika maji ya Mto Kilombero hana mabega ya wastani. Mkata miwa wa mashamba ya Kilombero, ambaye mkono mmoja umeinua panga maelfu ya mara, ana upande uliojengeka kuliko mwenziwe. Mchukuzi wa magunia ya mchele shingo yake imeshuka baina ya mabega. Watu hawa wakivaa namba, namba huwaumbua. Hutoka wakionekana kama walioiba nguo. Wakipimwa, kazi yao yote ya maisha huingia katika hesabu ya fundi na kupewa heshima yake, bega kwa bega.

Msomaji wa mashairi hana haja ya kusomewa somo hilo mara mbili. Anaijua tofauti ya ubeti uliopimwa na ubeti uliopachikwa maneno ya kujazia ili mizani itimie. Wa pili una hesabu kamili na hauna mwili ndani yake.

Hapo atainuka mtu wa visiwani na kuuliza: suti ni vazi la Mzungu, basi lina haki gani ya kutetewa katika kurasa hizi? Swali ni halali, na jibu lake limo katika kabati la muulizaji. Vazi la heshima la mwanamume wa Unguja na Pemba ni kanzu na kofia, na siku ya shughuli juu ya kanzu huvaliwa koti. Koti hilo halikuota mwambao. Wala kanzu haikuota. Ilikuja na bahari, ikapokelewa na mafundi waliokaa na sindano shingoni pake na kifuani pake hadi ikawa ya mwambao. Ushairi nao ulipokea mengi kutoka ng'ambo, na hakuna anayesimama leo kusema kwamba utenzi ni mgeni. Kitu huwa cha nyumbani pale mikono ya nyumbani inapojua kukiunda. Suti iliyoshonwa Ifakara, na mtu wa Ifakara, kwa mwili wa mtu wa Ifakara, ina uenyeji mwingi kuliko kitenge chenye nakshi za Kiafrika kilichochapwa katika nchi ya mbali na kuletwa kwa kontena.

Bonde lenyewe lina ushahidi wake. Kati ya 1970 na 1975 ilijengwa humo reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo husimama Ifakara na Mlimba. Marais wawili walioisimamia azma hiyo, Julius Nyerere na Kenneth Kaunda, walikuwa pia watu waliokataa kuvikwa tai na dunia. Kaunda aliipa Afrika suti inayobeba jina lake hata baada ya kifo chake mwaka 2021: koti jepesi la mikono mifupi, mifuko ya kubandika, suruali ya kitambaa hicho hicho. Suti ya Kaunda ilienea kwa sababu fundi wa kijijini aliiweza. Haikudai tai, na ililijua jua. Mwalimu wa shule, karani wa ushirika, mkuu wa stesheni, wote waliishona mtaani kwao na kwenda nayo kazini bila ya kuona haya.

Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti ya Kaunda haitakubaliwa tena katika majengo ya Bunge hilo. Mwanamume alitakiwa aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Rais wa nchi hiyo hiyo alikuwa miongoni mwa wavaaji mashuhuri wa suti hiyo, jambo lililofanya wengi wacheke. Lakini nyuma ya kicheko pana jeraha. Katika mji ulio karibu na mstari wa ikweta, miaka 60 baada ya uhuru, tai ilipita mlangoni na Kaunda akabaki nje. Alichozuiliwa si mbunge mmoja. Ulizuiliwa ushonaji ambao mafundi wa Afrika Mashariki na Kati waliwahi kuuita wao. Anayedhani kwamba amri kama hiyo haifiki Ifakara hajapata kuona jinsi dharau inavyosafiri. Haihitaji reli.

Ifakara ni mahali pabaya pa kuifundisha dharau ya nguo, kwani nguo na pamba zina deni la zamani huko. Kulazimishwa kulima pamba kulikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Wapogoro na Wambunga wa upande huo walikuwa miongoni mwa walioliendea boma la Wajerumani la Mahenge mwezi Agosti 1905 wakakutana na bunduki za rashasha. Watu walikufa kwa kukataa kulima nguo ya mtu mwingine. Hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huondoka nchini ikiwa bado nyuzi, haijawa kitambaa, na kurudi ikiwa vazi lenye jina la mji wa mbali. Katika msururu huo mrefu, kutoka shambani hadi mwilini, fundi cherehani ni mmoja wa wachache waliobaki upande huu wa bahari. Kumwacha afe kwa njaa ni kukikata kipande cha mwisho.

Wepesi wa kulaumu watasema: mwenye kosa ni mtumba. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli na mzigo wa uvivu. Mtumba, ambao wazee waliupa jina la kafa Ulaya, ulibanwa katika miaka ya siasa ya Ujamaa na ukaingia kwa wingi biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kuwaondolea nafuu ya soko lake, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda iliyosimama na neno lake ilisimamishiwa nafuu hiyo ya mavazi mwaka 2018. Kisa hicho kinatosha kuonyesha kwamba anayetangaza vita na mtumba anatangaza vita na wakubwa kuliko mfanyabiashara wa gulio.

Lakini mtumba peke yake haumuui fundi. Mwanaanthropolojia Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake *Salaula* cha mwaka 2000 kuhusu Zambia, alionyesha kwamba mafundi wa huko hawakufutika nguo kuukuu zilipofurika. Walijipanga upya, wakapunguza, wakafumua, wakageuza, wakashona kile ambacho belo haliwezi kutoa. Ifakara nayo yaonekana. Suruali ya mtumba hupitia kwa fundi kabla ya kwenda kazini. Mfukara anayenunua shati la mtumba ili asitiri mwili wake hana la kujibu mbele ya mtu. Wa kujibu ni mwingine: ni yule mwenye uwezo wa kushona, anayemdharau mshonaji.

Huyo ana majina mengi. Ni ofisa anayehutubia juu ya viwanda vya ndani huku lebo ya ng'ambo ikiwa bado mkononi mwa koti, kwa makusudi, ionekane. Ni kamati ya harusi inayochangisha kwa ajili ya ukumbi, matarumbeta na keki ya ghorofa, kisha ikaona kwamba mahali pa kubana matumizi ni mwili wa bwana harusi. Ni mzazi anayempeleka mwana asiyefaulu mtihani kwa fundi kama anayetupa taka, akimwambia mbele ya watu kwamba ameshindwa masomo basi akashike cherehani. Mtoto aliyepelekwa kwa maneno hayo atajifunza nini, na kwa moyo gani? Kazi inayohitaji hesabu, jicho, subira na adabu ya kushika mwili wa mtu mzima bila ya kumvunjia heshima imefanywa jaa la walioshindwa. Kisha watu hushangaa koti likitoka limepinda.

Haki haikai upande mmoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mafundi wana maji yao. Neno "kesho" limechakaa vinywani mwao kuliko sindano. Wapo wanaopokea kazi kumi wakijua wanaweza nne. Wanaokipunja kitambaa cha mteja. Wanaokata kwa kukisia na kumlaumu mteja kwamba amenenepa tangu Jumanne. Bwana harusi aliyekabidhiwa suruali isiyo na pindo alfajiri ya siku yake hatasahau, na watoto wake watahadithiwa. Mafundi hawa wamelichimba shimo lao kwa mikasi yao, na makala ya kuwatetea isiyowaambia hivyo itakuwa inawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hata hivyo, uongo wa tarehe una mzazi. Mteja wa Ifakara hupenda kutoa arubuni kidogo na kusahau salio. Huchukua nguo kwa ahadi ya mavuno. Fundi asiyelipwa kwa kazi ya jana huipokea ya kesho ili anunue uzi wa leo, na ndivyo kazi nne zinavyokuwa kumi. Duka la suti za kigeni halikopeshi, na hakuna anayelinung'unikia. Mteja huyo huyo asiyebishana na bei iliyobandikwa kwenye kioo humbisha fundi hadi apate nusu, kana kwamba siku tatu za kazi ya mkono hazina bei. Anayetaka ukweli wa tarehe na autoe kwanza ukweli wa malipo.

Yanayotakiwa si makubwa. Mwenye cheo katika bonde hilo, mkuu wa shule, diwani, katekista, imamu, avae kilichoshonwa mjini kwake na akiulizwa alitaje jina la fundi. Kamati ya harusi ianze bajeti yake kwa kitambaa. Mzazi ampeleke kwa fundi mtoto mwenye jicho kali, hata kama amefaulu. Fundi naye ashone kazi anazoziweza, akatae asizoziweza, na siku aliyoitaja iwe siku. Ujuzi wa koti hauingii kwa wiki. Mwanagenzi huanza kwa pasi na vifungo, akaenda pindo, akaenda suruali, na koti ni la mwisho. Mafundi wanaoliweza koti kamili, lenye kanvasi, wakiondoka bila ya kuacha mwanafunzi, hakuna semina ya siku tatu itakayowarudisha. Siku hizi Mto Kilombero huvukwa kwa daraja badala ya pantoni, na bidhaa za nje hufika Mahenge kwa saa chache. Njia hiyo hiyo ingeweza kuwaleta wateja wa Ulanga kwa fundi wa Ifakara. Daraja halichagui upande.

Chini ya meza ya fundi wa kweli huwa pana daftari. Limechakaa, lina madoa ya mafuta ya cherehani, na ndani yake yamo majina na tarakimu. Kijana ameandikwa kiuno inchi 28, mwaka aliooa. Miaka ishirini baadaye jina hilo hilo lina inchi 36, na pembeni fundi ameongeza neno: bega la kushoto limeshuka. Kisha inchi zinaanza kurudi nyuma, 34, 31, na asomaye anaelewa bila ya kuambiwa. Mara ya mwisho hakuja mwenyewe. Alikuja mwanawe na koti la zamani mkononi, likapimwa badala ya mtu, ili mzee azikwe kwa nguo inayomkaa.

Hakuna ofisi katika bonde hilo iliyowaweka watu wake kwa uangalifu wa namna hiyo. Koti la kukodi hurudishwa Jumatatu, na aliyelikodisha hamkumbuki aliyelivaa. Mpunga utavunwa tena na harusi zitaanza. Bwana harusi aende barazani miezi miwili kabla, asimame wima, ainue mikono, na jina lake liandikwe.